Nani Kakutuma Kuniuliza Jina?

Daraja la miti lilikuwa limelala ubavu. Mvua ya usiku ilizoa magogo mawili ya katikati, na vijana wa kijiji walikuwa mtoni tangu alfajiri, wengine wakikata miti mipya, wengine wakipanga bei ya kubeba pikipiki mabegani. Ndiyo maana tulijikuta barazani kwa Mzee Kapita, mkuu wa kijiji, upande wa Lusangi, kwenye njia ya kwenda Kabambare, tukila karanga na kusikiliza mto. Watu wa Maniema, mkoa wetu wa mashariki mwa Kongo, wakisubiri pamoja kwa zaidi ya saa moja, hawakosi kufika kwenye habari za barieri, vile vizuizi vya barabarani.

Aliyezianzisha ni motari, mwendesha pikipiki wa abiria. Alitoa kifuko cha plastiki mfukoni, akanikabidhi kadi yake ya mpiga kura.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Nisomee."

Picha ilikuwa imebaki kama moshi wa jiko ukutani. Kwenye mstari wa jina zilisalia herufi tatu tu; tarehe ya kuzaliwa ilishakwenda zake. Ilikuwa kadi ya 2023.

Msomaji aliye mbali itambidi ajue kwanza kwa nini kipande kile ni kitu kikubwa. Tangu enzi ya Mobutu, Kongo haijawahi kuwapa raia wake wote kadi ya taifa. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984. Mtoto aliyehesabiwa mgongoni mwa mama yake mwaka ule leo ana wajukuu. Sheria ya Desemba 2004 iliamua kwamba kadi ya mpiga kura ishike kwa muda nafasi ya kitambulisho, na toka uandikishaji wa 2005 huo "muda" haujaisha. Mwaka 2023 tume ya uchaguzi, CENI, iliandikisha karibu watu milioni 44 kwa mashine zinazopiga picha na kuchukua alama za vidole. Data ikaingia kwenye mashine salama. Kilichorudi mkononi mwa mwananchi ni kadi ambayo maandishi yake yalianza kufutika kabla hata ya kura ya 20 Desemba, hadi CENI ikalazimika kutoa nakala mpya kwa wengi. Serikali, basi, inakukumbuka vizuri kabisa. Wewe ndiye huna cha kuonyesha.

MOTARI: Toka Kasongo mpaka hapa nimesimama mara nne. Wa kwanza polisi, wa pili wanajeshi, wa tatu watu wa kodi, wa nne sikumjua. Ana bunduki na jezi ya mpira. Wote wanauliza karte. Nikiitoa hii, wanasema haisomeki, leta elfu moja. Mwaka jana ilikuwa bado inasomeka kidogo. Walisema leta elfu moja vilevile, ila kwanza walinisifia picha.

MAMA (ana bidoni sita za mawese, zimepangwa chini ya mwembe, na hazipotezi machoni): Wewe unalia elfu moja. Mimi wananihesabia kwa bidoni.

MWALIMU: Tatizo ni kadi mbovu, basi. Tupewe kadi nzuri. Tanzania mtu hapati laini ya simu bila kuweka kidole; wenye laini zisizosajiliwa kwa vidole walipewa hadi Januari 2020, wakazimiwa. Uganda wana kadi zao tangu 2014. Sisi tu ndio tunatembea na karatasi ya kura kama watu wanaotoka sokoni na risiti.

MOTARI: Mwalimu, wewe unataka mashine.

MWALIMU: Naitaka sana! Nimekimbia na wanafunzi wangu, najua ninachokisema. Yule anayekuja usiku kuchoma nyumba, asubuhi anapita barabarani amevaa shati safi, na hakuna wa kumtambua.

Hapo motari alicheka, na sikuupenda mwanzoni ule ucheko. Baadaye nilielewa.

MOTARI: Tulishindwa kumtambua? Salamabila, kule Namoya, wakati wa waasi wa Malaika, nani hakuwajua? Walikuwa watoto wa humu. Mama zao tunasali nao. Kampuni ya Banro ikafunga mgodi wa dhahabu 2019, wazungu wakaondoka kwa ndege, na sisi tukabaki na watu wale wale, kila mmoja tukimwita kwa jina la babu yake. Ungewapa kadi ya dhahabu, ingeandika Kabambare. Kadi inamtambua mgeni, Mwalimu. Sisi aliyetuua siye mgeni.

Watu walinyamaza. Mwalimu alimenya karanga tatu, akaziweka kwenye kiganja asizile. Jibu alilolitoa ndilo, kwa maoni yangu, hoja bora kuliko zote alizozitoa siku ile, na ndilo lililonifanya nisiwe upande wa motari moja kwa moja.

MWALIMU: Kwa sababu hiyo hiyo! Mtu anajisalimisha leo. Wanamwandika, wanampa nguo na sabuni, wanampiga picha na mkubwa. Miezi miwili yuko msituni. Akichoka anajisalimisha tena, mahali pengine, kwa jina la mjomba wake, na wanampa nguo nyingine. Tangu ule mpango wa kwanza wa kupokonya silaha mpaka huu wa 2021, P-DDRCS, hawa watu wanahesabiwa kama kuku wa kuazima: kuku mmoja anakula kwenye nyua tatu. Kidole hakina mjomba. Ungekuwa na kidole chake, angekula mara moja tu.

MAMA: Hapo Mwalimu umesema.

MWALIMU: Nimesema toka mwanzo.

Avoka hakuwa amezungumza. Ni kijana wa Kindu, anamaliza mazoezi ya uanasheria, na alikuwa anakwenda Kabambare kwa kesi ya shamba la familia. Ana tabia ya kusubiri mpaka kila mtu achoke, kisha anafungua kinywa kama anayefungua faili.

AVOKA: Tuulizane swali lingine. Nani ana haki ya kuiomba hiyo kadi?

MOTARI: Mwenye bunduki.

AVOKA: Kwa sheria.

MOTARI: Nimejibu kwa sheria ya barabara.

AVOKA: Katiba ya 2006, kifungu cha 30: kila mtu aliye nchini ana haki ya kutembea kwa uhuru. Kifungu cha 190: hakuna anayeruhusiwa kuunda jeshi lake, wala kundi la vijana wenye silaha, kosa lake ni uhaini mkuu. Hilo liliandikwa na watu waliotoka vitani, walijua wanachokizuia. Kisha 2023 waasi wa M23 wanasonga mbele, na bunge linapitisha sheria ya kuunda akiba ya jeshi, ile wanayoiita RAD. Raia wanaojitolea waandikishwe, wafundishwe, wawe chini ya amri ya jeshi. Kwa karatasi si mbaya. Nchi nyingi zina akiba.

MAMA: Ndio hawa Wazalendo wanaopigana na M23?

AVOKA: Ndipo penye utata, Mama. Mzalendo aliyeandikishwa ni askari wa akiba: ana namba, ana mkubwa, ana mahakama ya kijeshi inayomsubiri akikosea. Asiyeandikishwa, kwa kifungu cha 190, ni mhalifu. Wote wawili wanajiita Wazalendo. Ukiwa juu ya pikipiki yako huwezi kuwatofautisha.

MOTARI: Si ningeomba namba yake? Yeye ameomba yangu.

AVOKA: Ungeweza.

MOTARI: Wewe uliwahi?

Avoka hakujibu, na nampenda kwa hilo. Watu wa sheria wanaojua lini wanyamaze si wengi.

Jambo ninalotaka kulisema liko hapo kwenye swali la motari, na nalisema kwa niaba yangu, barazani hakuna aliyenituma. Sheria zetu zote za usalama za miaka hii, na mashine zote zinazofuata nyuma yake, zimemfundisha anayeulizwa: beba hiki, andika hapa, weka kidole, sajili simu. Anayeuliza hajafundishwa kitu. Hana kadi ya kuonyesha kwamba yeye ndiye anayepaswa kuuliza. Hakuna ubao penye barieri unaosema hapa ni pa nani, wanatafuta nini, bei yake ni sifuri. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu barieri katika mikoa miwili tu ya Kivu, wakafika 798. Ukisema kila moja ina kijana mmoja wa kuuliza, hilo ni jeshi la wauliza majina, na hakuna daftari la nchi lenye majina yao.

Mzee Kapita, mwenye baraza, alikuwa amesinzia, au tulidhani.

MZEE: Hilo si jipya, wanangu. Wabelgiji walipotunga ile dekreti ya sheferi, 1910, kila mtu alifungwa kwa shefu wake kama mbuzi kwa kigingi. Kutoka kwa muda mrefu, sharti upate karatasi. Baba yangu alikuwa na buku lake. Alilificha kwenye mtungi wa mahindi ili panya wasilile, maana bila buku ungeshikwa kama mtoro hata ukienda kuoa. Na huko Kasongo, kabla ya Wabelgiji, watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, nao walikuwa na namna yao ya kukuuliza wewe ni wa nani. Waliuliza "wa nani". Hawakuuliza "nani".

MWALIMU: Lakini Mzee, zile zama watu walikuwa wanatawaliwa. Sasa ni serikali yetu.

MZEE: Ndiyo. (Akanyamaza kwa muda.) Swali ni lile lile.

MAMA: Na jibu ni lile lile. Tazameni hii.

Akachukua kadi yake, ambayo kwa bahati ni ya zamani na bado inasomeka, akaweka kidole kwenye mstari wa asili: sekta, teritwari, mkoa. Alizaliwa Uvira, Kivu Kusini, kwa wazazi wa Kabambare, kwa hiyo kadi inasema alizaliwa kule, asili yake huku. Tangu M23 walipoichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, mistari hiyo miwili imekuwa na uzito ambao haikuwa nao.

MAMA: Wananisoma hapo. Hawasomi jina. "Mama, mbona ulizaliwa kule?" Kisha wananisikiliza ninavyosema. Siku moja nilikuwa na mafua, sauti imekauka, kijana akasema huyu lugha yake si ya huku. Mimi! Kiswahili changu kilizaliwa Kasongo kabla ya bibi yake.

Tulicheka, ila haikuwa ya kuchekesha, na kila mtu alijua hivyo. Katika nchi jirani ya Rwanda, Wabelgiji walianza miaka ya 1930 kuandika kabila kwenye kadi. Miaka 60 baadaye, 1994, kadi hiyo ilikuwa inasomwa kwenye barieri na mwenye panga. Kadi ya Kongo haiandiki kabila. Inaandika sekta ya asili, na huku kwetu mtu akijua sekta yako hahitaji kuuliza kabila. Mwalimu aliposema anataka kadi nzuri inayosomeka, sidhani alikuwa amefikiria kwamba kadi ya motari, kwa kufutika kwake, imempunguzia swali moja.

Hilo nililisema kwa sauti. Mwalimu akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba inayovuja inasaidia maua.

MWALIMU: Kwa hiyo tuombe kadi mbovu?

Sikuwa na jibu. Avoka alinisaidia.

AVOKA: Tuombe kadi isiyosema mengi. Jina, picha, namba. Kenya walitaka kukusanya kila kitu kwenye Huduma Namba. Raia wakaenda mahakamani, na tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema zoezi si halali, kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara kwa data za watu. Mashine ikasimama kwa amri ya jaji.

MOTARI: Nairobi.

AVOKA: Nairobi, ndiyo.

MOTARI: Jaji wetu yuko Kasongo. Ili nifike kwake kumshtaki mwenye barieri, napita barieri nne.

AVOKA: Hata yetu ya taifa imekwama, lakini si kwa jaji. Rais alipewa kadi ya kwanza Juni 2023, tukapiga makofi. Mkataba wa kuzitengeneza, wa zaidi ya dola bilioni moja, ukafutwa 2024 baada ya kelele za gharama. Mpaka leo mwenye kadi ni huyo huyo wa kwanza na wachache.

MAMA: Bilioni moja ya dola! Na daraja linabebwa na watoto.

(Kwa kweli, mtoni palikuwa na kelele wakati huo, gogo lilikuwa limewaponyoka.)

Nilidhani habari ya kadi imekwisha, lakini Mama alikuwa na jingine, na hapo ndipo niliona jinsi sisi wasomi tunavyobaki nyuma. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya kadi. Barieri ilishahama.

MAMA: Karte ni ya zamani. Siku hizi wanaomba simu. "Fungua." Unafungua. Anaingia WhatsApp, anasoma. Anatazama picha. Anatafuta namba za Bukavu, za Goma, na zile za Rwanda, zinazoanza na 250. Dada yangu yuko Bukavu, hakukimbia, ana watoto sita, angekimbilia wapi? Kwenye simu yangu nimemwandika "Fundi Cherehani". Nikikaribia barieri nafuta alichoniandikia. Akiniambia mtoto ameumwa, nafuta. Akiniambia mtoto amepona, nafuta. Jioni sikumbuki kama amepona.

Motari alisema yeye ana simu mbili: ya kuongea, na nyingine iliyovunjika kioo, ya kuonyesha.

AVOKA: Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano. Na Sheria ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inataja mamlaka ya kulinda data za watu. Hiyo hiyo, kifungu cha 360, inaadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo kwenye mitandao: mwezi mmoja mpaka sita jela.

MWALIMU: Na uvumi unaua, Avoka. Ujumbe mmoja wa sauti, "wamefika kule Kama, wanakuja," na kijiji kizima kinalala msituni kwenye mvua.

AVOKA: Sikatai. Lakini tazama sheria hiyo ilivyotumika. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa uwanja wa ndege wa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Walisema yeye ndiye wa kwanza kusambaza karatasi ya kughushi ya idara ya ujasusi, na kwamba mashine imethibitisha, kwa anwani ya IP na alama zilizofichwa ndani ya picha. Wataalamu wakasema WhatsApp inafuta alama hizo, haiwezekani kumjua wa kwanza namna hiyo. Alikaa ndani miezi sita, akahukumiwa miezi sita Machi 2024, akatoka. Huyo ni wa Kinshasa, alikuwa anaandikia vyombo vya habari vya Ulaya, dunia nzima ilipiga kelele. Sasa Mama akishikwa hapa kwa ujumbe wa Fundi Cherehani, nani atapiga kelele?

MAMA: Wewe.

AVOKA: Mimi nitakuwa kwenye barieri ya nyuma yako, Mama.

Mama aliongeza la RAM, na lazima niliandike, maana ndilo la pekee siku ile lililokuwa na mwisho mwema. Kuanzia 2020 serikali ilikata salio la simu za watu kwa ajili ya rejista ya vifaa. Walisema ni kuzuia simu za wizi na za bandia, yaani usalama. Dola 7 kwa mwaka kwa simu kubwa, dola moja kwa ndogo. Watu walipiga kelele masokoni, bungeni, kila mahali, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. "Hiyo tuliishinda," alisema Mama, "kwa sababu iliwakata wote siku moja. Barieri inakata mmoja mmoja."

Mwalimu alisema neno hilo lingefaa kuandikwa ubaoni. Alisema pia, na nanukuu kwa uaminifu kwa sababu hakushindwa, kwamba bado anataka mashine. Ila sasa anataka mbili, na ya kwanza iwekwe upande wa mwenye bunduki.

MOTARI: Aweke kidole yeye kwanza.

MWALIMU: Aweke kidole yeye kwanza. Halafu mimi.

Kelele za mtoni ziligeuka vigelegele. Gogo la mwisho lilikuwa limekaa. Mama alishaanza kuhesabu bidoni zake, motari alikuwa anafuta matope kwenye kiti, na Avoka alikuwa anavua viatu ili avuke navyo mkononi. Mzee Kapita aliniita.

Alitoa daftari la shule la kurasa 48 chini ya mkeka. Desturi ni ya siku nyingi: mgeni akipita au akilala, kapita anamwandika. Alivaa miwani yenye mguu mmoja, akaniuliza jina, nikatokea wapi, nakwenda wapi, kwa shughuli gani. Hakuna swali hata moja la yale tuliyoyapinga mchana kutwa ambalo hakuniuliza, na nilimjibu yote kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameniuliza akiwa amekaa kwake, na jina lake nilikuwa nalijua, na karanga zake zilikuwa tumboni mwangu.

Nikaona kwamba mimi ni mtu wa tano tu kwenye daftari. Nikashangaa, njia hii ina wapita njia wengi.

"La zamani lilijaa, Mzee?"

"Halikujaa," akasema, akipuliza wino ukauke. "Walikuja watu, wakalichukua."

"Watu gani?"

Alifunga daftari, akalirudisha chini ya mkeka, akakaa juu yake.

"Hawakusema."